Alama ya Vema

Hilaria alikuwa na miaka ishirini na minane alipotengeneza programu ya simu iliyotumika katika vijiji arobaini vya Chemba na Kondoa. Mhudumu wa afya wa kijiji akiona mjamzito amezidiwa, anabonyeza kitufe, na dereva wa gari la wagonjwa anapata taarifa. Ofisini kwao Dodoma, chumba kilichokuwa juu ya duka la nafaka pale Majengo, wenzake walimpigia makofi.

Machi ya mwaka uliofuata, alipigiwa simu kutoka zahanati moja ya Chemba. Muuguzi alieleza taratibu kwamba Erica, mkwe wa mhudumu wao Anyesi, amejifungua mtoto mfu. Walilisubiri gari tangu saa sita mchana hadi saa tisa. Gari halikuwahi kuitwa.

Hilaria akafungua kumbukumbu za programu kutafuta hitilafu. Hakuiona. Siku ile mtandao ulikatika kijijini, na ombi la Anyesi likahifadhiwa ndani ya simu mpaka mtandao urudi, kama Hilaria mwenyewe alivyopanga. Kuonyesha kwamba limehifadhiwa, programu iliweka alama ya vema ya kijani, ile wanayoweka walimu kwenye daftari mtoto akipata. Anyesi aliiona akajua gari linakuja. Kama asingeiona, angemtuma mtu na bodaboda.

Kumbukumbu zilionyesha na jambo jingine. Katika saa zile tatu, Anyesi aliifungua programu mara kumi na tisa. Kila mara alikuta vema.

Tangu siku hiyo Hilaria hakuwa na raha na alama ile. Akiiona kwenye simu baada ya kununua umeme, aliigeuza simu kifudifudi. Siku moja mtoto wa dada yake alimletea daftari la hesabu, ukurasa umejaa kijani, Hilaria akalifunga papo hapo. Mtoto akadhani amekosea.

Aliyemtoa hapo ni Hamidu, mchoraji wa kurasa za programu, mtu mzima wa makamo pale ofisini. Hakumwambia kwamba si kosa lake. Alimpa karatasi chache zenye kanuni za kutengeneza kitu kinachotumika kwa urahisi: kimwambie mtu kinachotokea kweli, kiseme kwa maneno yake, kimpe njia ya kutokea akikwama. Hilaria alizifahamu zote. Chuoni alizijibu kwenye mtihani, akapata.

"Usimuulize mtu kama ameelewa," Hamidu alimwambia. "Mpe simu, unyamaze, utazame vidole vyake."

Akaenda Chemba. Alimkuta Anyesi akianika mtama, akamwamkia, kisha akamweleza yeye ni nani. Anyesi aliitikia marahaba, akaendelea kuanika. Baadaye akamgeukia Erica, wakasemezana Kisandawe, maneno yenye vidoko vya ulimi ambayo Hilaria hakuyajua hata moja. Erica akaja, akanyoosha mkono apewe simu.

Hilaria alikuwa amezima mtandao. Alama ya vema haikuwepo tena. Badala yake aliweka maneno: *Ombi limehifadhiwa. Linasubiri mtandao.* Erica alibonyeza, akasoma, akaiweka simu mapajani na kutulia. Alikuwa anasubiri. Hilaria alitaka kusema, akajizuia. Dakika zikapita. Erica akaichukua simu, akaitazama, akairudisha mapajani. Akaichukua tena.

Anyesi ndiye aliyeuliza. "Limehifadhiwa wapi?"

"Humo humo ndani ya simu, mama."

"Basi andika dereva hajajua," alisema Anyesi. "Hayo tu. Ningekimbia."

Hilaria aliandika hivyo hivyo, hapo hapo, machozi yakimdondokea kwenye daftari. Alirudi mara tatu zaidi, kila safari akimpa simu mtu mwingine na kunyamaza. Mwishowe ombi lisipofika, kioo chote kiligeuka chekundu: *DEREVA HAJAJUA. MTUME MTU.* Dereva akipokea, ndipo jina lake lilipotokea, pamoja na sauti yake akisema naja. Anyesi alilijaribu toleo hilo mara mbili, akasema sawa. Hakumwambia Hilaria kwamba amemsamehe, na Hilaria hakumwomba.

Kufikia Agosti, simu thelathini na nane kati ya arobaini zilikuwa na toleo jipya. Hilaria alipanda basi hadi Kondoa kuitafuta ya thelathini na tisa, akaipata kwa mhudumu aliyehamia kwa wazazi wake. Ya mwisho iliuzwa, na aliyeinunua hakuna anayemjua. Namba ya simu hiyo huwa haipatikani.

Lakini simu yenyewe haijafa. Mara moja moja, mchana, huwaka mahali fulani, na mtambo wa ofisini huandika kwamba mtu ameifungua programu ya zamani, ile yenye vema ya kijani. Hilaria huacha anachokifanya na kupiga. Inakuwa imeshazimwa.