Mke Mwenza wa Muriel Tranter

Sisi wa Cleeford twajua: Muriel Tranter aliishi na mke mwenza, na huyo mwenza alikuwa stesheni.

Reli yetu ndogo ya tawi ilifungwa Muriel akiwa mwali. Nyasi zikaota relini, kondoo wakakigeuza chumba cha kungojea abiria kuwa zizi. Baadaye Wilf, mumewe, na wenzake wakajitolea kuifufua, bure kabisa. Kila Jumamosi Wilf yuko huko: mara apake mabenchi rangi, mara apande waridi, mara asugue taa za shaba. Mlango wa jikoni kwake ulibambuka rangi mpaka mbao zikaonekana.

"Mwenzangu kapakwa rangi tena," Muriel aliniambia akianika shuka. "Mimi zamu yangu lini?"

Treni ilipoanza kutembea, ikawa inapita nyuma ya nyumba yake na kumwagia nguo masizi. Muriel hutoka mbio na kuitukana.

"Mume umeshachukua, sasa wataka na shuka?"

Wilf, juu ya injini, humpungia kofia. Wengine tulicheka, lakini wivu ulikuwa unamla kweli. Shuka alizifua upya kila mara, akinichosha masikio kwa malalamiko.

Wilf akafariki. Aliacha neno kwamba mwili wake uchomwe badala ya kuzikwa, na majivu yake yatiwe kwenye tanuri la injini, kama walivyofanyiwa wenzake waliomtangulia.

"Hata kufa anamtaka yeye!" Muriel alilia kwa hasira. "Si aliniahidi tutalala pamoja makaburini pale kanisani, kando ya mama?"

"Kataa basi, shoga," nikamwambia. "Wewe ndiye mkewe."

Hakukataa. Alikwenda stesheni, ambako hakuwahi kukanyaga, akamkabidhi dereva Gareth kikopo cha majivu.

"Mchukueni. Ila asitiwe motoni mpaka mfike nyuma ya kwangu."

"Mbona pale, Bi Tranter?"

"We fanya nilivyokwambia."

Siku yenyewe alianika shuka zake zote nyeupe, hata zile za harusi, akasimama mlangoni. Treni ikaja polepole, ikapiga honi, Gareth akamimina kikopo motoni. Moshi ukapanda, upepo ukauleta kwetu. Masizi yakatua juu ya shuka.

Nikakimbilia kuzianua zikafuliwe. Akanishika mkono.

"Ziache hivyo hivyo," akasema. "Leo zamu yangu."

Akazikusanya kifuani, akaingia ndani kutandika kitanda.