Tundu la Cheche Begani

Marehemu mama yangu alikuwa anamtambua kuku wake kwa sauti tu, hata akichanganyika na wa jirani. Mimi nilidhani nimerithi kipaji hicho, ndiyo maana naanza na kuku. Koti linakuja.

Nilikuwa natia makaa kwa injini za treni hapa Nakuru, naishi nyumba za reli. Wezi wakavunja mlango, wakabeba koti langu la kazi. Jumapili, nje ya kanisa, nikaliona mgongoni mwa Wafula, mpiga ngoma wetu, mtia makaa kama mimi.

“Wafula, vua koti langu! Tundu hilo la begani nalijua. Ni cheche za injini.”

“Ndugu yangu, kwani mimi natia makaa wapi? Kwa jiko la mama?”

Watu wakacheka. Kucheka kwao kukaniwasha, nikapaza sauti: “Mwizi!” Hapo wamama wakavuta watoto wao karibu.

Wafula akalivua polepole, akaniwekea mikononi. “Haya, vaa waone.”

Nikavaa kwa kiburi. Mikono ya koti ikaishia kwa viwiko.

“Baba Rispa, hilo si la Rispa?” mama mmoja akanitania, akimtaja binti yangu mdogo.

Ndipo nikakumbuka kwamba reli ilitupa sote makoti ya namna moja, na cheche hazichagui bega la mtu. Nikageuka nimwombe Wafula msamaha. Alikuwa ameshafika barabarani, na shati tu kwa baridi ile. Nikamwita, nikiinua koti juu. Hakugeuka. Jumapili iliyofuata tuliimba bila ngoma, na hakurudi tena.