Mama wa Kwenye Gemu Bado Hajasema Neno

Boito, Jumapili mchana.

Kwa Admin,

Naomba ufiche jina langu, maana watu wengi wa kituo chetu cha kuuza majani chai wako kwenye ukurasa wako. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, nina shamba dogo la chai. Bibi yangu alifariki mvua za mwaka huu zilipoanza. Hatukujaliwa mtoto. Hapa bibi yangu nitamwita Chela.

Shida yangu ni gemu. Chekeni, lakini msome mpaka mwisho.

Chela aliinunua Kabianga, kwa mwanafunzi aliyekuwa anamaliza chuo na kuuza vitu vyake. Ni mashine ya zamani, ile ya kuweka kaseti na kuunganisha kwa TV. Kaseti ilikuwa moja tu, ya tenisi, iliyotolewa kwenye kitabu cha hadithi za picha cha Kijapani. Mechi ikiisha, picha zinakuja, midomo inafunguka, na maneno yanaandikwa chini. Hakuna sauti, na maandishi yote ni Kijapani.

Hatukujua hata herufi moja, kwa hivyo Chela alikuwa "ananisomea". Kijana wa kwenye gemu tuliyemchezesha, Chela alimwita Kipro. Mpinzani mrefu wa miwani akawa Karani, kwa sababu alikuwa na uso wa karani wetu wa kupima majani, yule anayemwaga kikapu chote chini akitafuta jani moja gumu. Nikishindwa, Chela anabana pua na kusema kama Karani, "Haya ni mabua! Rudi nayo nyumbani upatie mbuzi!" Nilikuwa nacheka mpaka pedi ya kuchezea inaanguka.

Halafu kulikuwa na mama yake Kipro. Baada ya kila mechi alionekana nyuma ya waya wa uwanja, ameshika mwavuli. Chini ya picha yake hakukuwa na maandishi.

"Na huyu anasema nini?" nilimuuliza Chela.

"Huyu bado. Atasema siku ya fainali. Mimi najua, lakini sikuambii."

"Aki niambie."

"Shinda kwanza. Unacheza kama mtu anafukuza kuku."

Tulipofika fainali, akaugua. Hospitalini nilimuuliza tena, nikitaka tu acheke. Akacheka kidogo. "Enda ushinde, mzee. Nikirudi nitakusomea." Hakurudi.

Nilikaa muda mrefu bila kuigusa ile mashine. Kisha alasiri moja mvua ilitutoa shambani, nikaiwasha, nikashinda. Mama akafunga mwavuli. Uso wake ukaja karibu, akafungua mdomo, na chini yake ikatokea mistari miwili. Nikageuka kuangalia kiti cha Chela. Nikazima.

Tangu hapo nimeishinda fainali hiyo mara nyingi. Mashine inakumbuka mpaka hapo, kwa hivyo nikiwasha narudi kwenye mechi ileile. Mama anafungua mdomo, ninazima. Nimejaribu kusoma mwenyewe kwa sauti ya Chela, sipati kitu. Sauti yake ya Karani ninayo mpaka leo. Ya mama sina, kwa sababu hakuwahi kuifanya.

Dada yangu mkubwa anawaambia majirani, "Ndugu yetu siku hizi ameoa TV." Hilo nimezoea. Linaloniumiza ni la Jumamosi. Shemeji yangu, mdogo wake Chela, alikuja kutoka Kericho, nikamwonyesha. Mama alipofunga mwavuli, shemeji akatoa simu.

"Hii inasoma Kijapani, shemeji. Unaielekeza tu kwa TV."

Nikasimama mbele ya TV. "Hapana. Hayo siyo maneno ya Chela."

"Na ya Chela ni yapi? Unayajua?"

Akaanza kulia. "Alikuwa dada yangu kabla awe bibi yako. Hata mimi aliniambia ningoje fainali. Nimengoja."

Aliondoka akaacha chai yake mezani. Amenitumia ujumbe kwamba atarudi Jumamosi ijayo na simu yake, na nikikataa hatakanyaga hapa tena. Yeye ndiye mtu pekee aliyebaki mwenye kicheko kama cha Chela.

Nikikubali, yule mama atasema maneno ya watu wa mbali nisiowajua, na ile nafasi Chela aliyokuwa ananiwekea itajazwa. Nikikataa, nitampoteza shemeji, na mama atabaki na mdomo wazi. Njia zote mbili, alichotaka kunisomea Chela hakiko tena mahali popote. Hilo nalijua. Sidhani kuna mtu wa kulibadilisha.

Lakini Jumamosi inakuja na lazima nifungue mlango au niufunge. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanya nini? Nishaurini. Na kama huna la kuniambia, ni sawa pia. Utukumbuke tu, mimi na Chela, ukizima TV yako.