Kopo Nililoliandika kwa Mkono Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye ghala la filamu za kale mjini Louisville, Marekani, sikushika filamu hata moja. Nilikuwa mwanafunzi kutoka Kenya, nimefunga tai kama naenda harusini, na Mkuu wa Ghala akanisimamisha mbele ya makopo ya bati ya kuhifadhia filamu akitaka nimwambie kila moja lina nini. Nikasoma lebo, nikamwandikia orodha safi. Akaichukua, akaichana.

"Umenisomea karatasi," akasema. "Hapa lebo ni mtu usiyemjua. Fungua, nusa, tazama, ndipo uandike."

Elimu yangu ndiyo hiyo, vijana. Ninyi leo mna skana, mnakaa kitini mashine inawaambia. Sisi tulikuwa na pua na vidole. Filamu za kale ziliitwa nitrati, na zilishika moto upesi kama petroli. Zikianza kuoza hunuka soksi chafu. Tulipitisha kidole kwenye matundu ya pembeni kutafuta yaliyoraruka. Pale ukanda ulipokatwa na kugundishwa tena paliitwa kiungo, na kila kiungo tulikitilia shaka: nani alikata hapa, na alitupa nini? Kazi ikanigeuza mtu wa kushuku. Mke wangu alilalamika kwamba hata maziwa nayanusa mbele ya mwenye duka. Sikujali, shaka ndiyo iliyokuwa ikitulisha.

Kutoka Louisville nilihamia maabara ya Columbus, chini ya Msimamizi wa Maabara, mama mmoja mkavu ambaye salamu tu ulimkamua. Siku moja yakaletwa makopo kutoka jumba la sinema lililokuwa likibomolewa. Sita kati yake yalikuwa na lebo moja: Mafunzo ya Kilimo, Ng'ombe wa Maziwa. Wenzangu waliyasukuma kando. Mimi nikafungua la kwanza. Ng'ombe hakuwepo. Alikuwepo mtumishi wa ndani mwenye aproni nyeupe, amesimama mbele ya bibi mwenye nyumba, na nyuma yao polisi mwenye kofia ndefu ya Kiingereza.

"Nani kakwambia ufungue?" Msimamizi akauliza.

"Hakuna. Lebo ilikuwa inajiamini mno."

Akacheka, na sikumwona akicheka tena. Ilikuwa tamthilia bubu ya Uingereza ambayo wataalamu waliamini imepotea kabisa. Mtumishi anashukiwa kuiba bangili ya bibi. Nani aliichukua? Jibu lilikuwa kwenye kopo la sita.

Filamu ikapelekwa Buffalo, kwenye ghala la baridi, nami nikaifuata nikiwa Fundi Mkuu. Huko ndiko nilikofanya kazi na Bahati, mama wa watu kutoka Bukavu, Kongo, mwenye Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa, aliyekaa mtaa wa West Side. Aliajiriwa kufagia. Nikaona vidole vyake ni vyepesi, nikamfundisha kusafisha filamu kwa kitambaa, fremu kwa fremu. Kanisa letu lilikuwa moja. Funguo za ghala zilikuwa mbili tu, wangu na wake.

Kwa miezi tulimtazama yule mtumishi kwenye meza ya taa, akilia bila sauti, na nakiri nilimwonea huruma sana.

Ilipofika siku ya kushughulikia sehemu ya sita, kopo halikuwepo. Mkurugenzi wa ghala akaniita ofisini. Nani mwingine ana ufunguo? Ningeweza kujibu kwamba sijamaliza kutafuta. Nikataja jina la Bahati, kisha nikaongeza nisichoulizwa: juma lililopita nilimwona akitoka na mfuko.

Siku hiyohiyo akaambiwa arudishe ufunguo, akae nyumbani, na ikifika Ijumaa kopo halijaonekana basi kazi hana. Alikuwa na watoto wanne na hakuna mwingine wa kuwalisha. Alikuja mezani kwangu na glavu zake mkononi.

"Papa Yona, ni weye ulisema nilitoka na mfuko?"

"Nilisema nilichokiona."

"Bon. Mule mulikuwa vitambaa vya kufutia filamu. Nilienda kuvifula. Ni weye ulinitumaka."

Kweli, nilimtuma. Nilikuwa nimesahau, na badala ya kuona haya nikapandwa na hasira.

"Ulifungula makopo yote?" akaniuliza.

"Yote yaliyoandikwa na wengine."

"Donc yako haukufungula."

"Yangu nayajua."

Akaziweka glavu mezani, akaenda zake.

Alhamisi nikaingia ghalani ili tu nimwonyeshe kwamba anakosea. Nikaanza kufungua makopo yenye mwandiko wangu. Rafu ya filamu za mashambani, kopo la tatu: Mafunzo ya Kilimo, Ng'ombe wa Maziwa. Nikafunua. Aproni nyeupe.

Nikakumbuka. Kopo la zamani lilikuwa na kutu, nikahamishia filamu kwenye kopo jipya. Kanuni yetu ni kunakili lebo ya zamani kama ilivyo, kisha kuandika jina la kweli chini yake. Nilinakili, na papo hapo binti yangu akapiga simu kwamba gari limekwama kwenye theluji huko Cheektowaga, kando ya mji. Nikakimbia. Jina la kweli sikuliandika. Mpanga rafu akaamini lebo, na mimi nilipokuwa natafuta nikaamini mwandiko wangu.

Nilimweleza Mkurugenzi yote, nikaenda West Side kumwomba Bahati msamaha. Alinipa chai.

"Nimekusamehe, Papa. Lakini ile kazi, hapana. Kila siku nitakuwa naangalia mikono yangu mwenyewe."

Akaenda kufunga maboksi kwenye bohari, Cheektowaga.

Filamu ilionyeshwa ikiwa imekamilika, ukumbi umejaa. Mwishoni bangili inapatikana kwa mtoto wa bibi. Bibi anamkumbatia mtumishi, mtumishi anatabasamu, kadi ya maandishi ya mwisho inatokea. Watu wakapiga makofi na mimi nikapongezwa jukwaani. Lakini ule mwisho niliutilia shaka. Yule mtumishi alitabasamu upesi mno.

Sasa nimestaafu. Vijana wa fani hii hunijia wakitaka siri ya kazi, nami huwaambia waanze kushuku mwandiko wao wenyewe. Huandika kwenye daftari, na naona hawajanielewa.

Jumapili baada ya ibada tunakula pamoja kanisani. Bahati hunisalimia vizuri, huuliza habari za mke wangu, hana kinyongo. Juzi nilileta sufuria ya maharage, nikamwambia, "Karibu mama, hayana pilipili."

"Asante, Papa," akasema. Kisha akafunua kifuniko, akainama, akanusa, akatazama vizuri, ndipo akajipakulia.

Nilimfundisha mimi.