Esansi Ndani ya Tanki la Mazutu

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja nilipokuwa msichana mwenye nguvu na mdomo mkali. Mdogo wangu Béatrice alikuwa anaolewa Kambove. Nilikuwa naendesha pikapu ya baba kutoka Lubumbashi, na gauni lake la arusi lilikuwa limelazwa kwenye magoti ya mama mukubwa Feliciana, dada ya mama yetu. Bila sisi, bibi arusi hakuwa na cha kuvaa.

Tukasimama kituo cha mafuta. Mwenye kutujazia alikuwa papa mmoja, baba wa makamo. Alijaza tanki, akaenda kurudisha bomba. Nilikuwa nimeshika ufunguo tayari, akarudi mbio, akapiga dirisha kwa kiganja.

"Mama, usiwashe! Hii motokari inakunywaka mazutu, mimi nilitia esansi. Ni mimi njo nilikosa."

Labda hujui: mazutu ni dizeli, esansi ni petroli, na hivyo viwili havikai chungu kimoja. Gari la mazutu likinywa esansi huweza kuondoka vizuri kabisa, halafu likaharibika mbele, mbali na fundi.

Nikashuka nikamtukana, maneno ambayo sitayarudia mbele yako. Magari ya nyuma yakapiga honi. Mtu mmoja akatoa kichwa dirishani: "Washa tu, dada! Itajichanganya mu njia." Saa ya misa ilikuwa inanikimbiza. Nikarudi kwenye usukani.

Mama mukubwa akanikamata mkono. Hakupaza sauti.

"Nipe ule ufunguo. Huyu papa angenyamaza, tungekwama mu pori na robe ya arusi ya mutoto. Anakuambia kweli, na wewe unamutukana? Kesho nani atakuambia kweli tena? Hasira haiwezi kutoa esansi mu tanki. Shuka, tusukume."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yule papa hakuficha, na mimi nilikuwa namwadhibu kwa hilo.

Nikampa ufunguo. Tukasukuma gari hadi ukingoni mwa kituo, mbali na pompi. Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi hapo tulimwomba aondoe mbabula yake, lile jiko la makaa, maana esansi haina mzaha na moto. Akaibeba na makaa yake. Fundi wa jirani akatuazima spana na mabido, madumu ya kukingia mafuta. Papa akaingia chini ya gari, nami nikamfuata nikiwa nimevaa kikwembe, kitenge changu kipya cha arusi.

Kizibo cha chini ya tanki kilikuwa kimeshikwa na kutu. Tulizungusha kwa nguvu kukifungua, kikakataa. Tukapumzisha mikono, tukarudia. Nilitaka kulia, nikajikataza.

"Polepole, mama," papa akasema. "Kitakubali."

Kikakubali. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini esansi ile tuliikinga. Tukasuuza tanki kwa mazutu kidogo, tukayatoa nayo, tukafunga, tukajaza upya. Mkubwa wa kituo akaja akitaka kumfukuza papa. Mimi ndiye niliyesimama kati yao: "Patron, huyu ameniokolea gari."

Mama mukubwa akanirudishia ufunguo. Injini ikaitika mara moja.

Tulifika misa imekawia kwa kutungoja. Béatrice alikuwa katika chumba karibu na kanisa, macho mekundu, amekataa gauni la kuazima. Akanikumbatia, akarudi nyuma.

"Yaya, dada yangu, unanuka esansi."

Akacheka. Tukamvalisha.

Basi shika hili, mwanangu. Ukisimama kwenye pompi, taja mafuta yako kwa sauti kabla tanki halijafunguliwa. Ukikosa, kwa gari au kwa mtu, sema mapema, kosa lingali dogo. Anayekuletea habari ya kosa lake usimpige kwa ulimi, la sivyo atakayefuata atanyamaza. Na watu wakikupigia honi, waache wapige. Sukuma pembeni, toa kilichoingia vibaya, hata mikono ikiuma, kisha endelea na safari. Afadhali kuchelewa kuliko kutofika.

Mungu akupe moyo usiokata tamaa, na akuzungushie watu wasioogopa kukuambia kweli. Enda salama.