Kifungo cha Koti la Mtumishi

Siku ya kwanza kazini nilikatazwa kushona. Nilikuwa fundi cherehani wa Doornfontein, hapa Johannesburg, mtu wa Bukavu mwenye darasa la sita tu, na jumba la makumbusho lilikuwa limenichukua kwa muda wa maonyesho. Mhifadhi mkuu, mama mrefu asiyepandisha sauti, akaniambia kwamba hapa sindano ni ya sanamu, si ya nguo.

Hazina za jumba la wafalme wa Urusi zilikuwa zimefika ndani ya masanduku ya mbao: vikombe, saa, viti vya dhahabu, magauni. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza miili. Nguo kuukuu haitundikwi, kwa maana uzito wake wenyewe utaipasua. Huvalishwa sanamu iliyojazwa pamba na kufunikwa kwa marekani iliyofuliwa mpaka wanga wote utoke. Thandi, mpakiaji wa siku nyingi pale, alinitania kwamba mabibi wote wa kifalme nimewapa viuno vya mama yangu. Nilicheka nikiangalia chini. Sikuwa msemaji.

Kabla ya kitu kuguswa kulikuwa na ripoti ya hali, yaani karatasi na picha zinazoonyesha kila ufa, kila doa, kila uzi uliolegea. Msindikizaji, bibi aliyetoka Urusi pamoja na masanduku, ndiye aliyeishika. Kitu kinapaswa kurudi kama kilivyoandikwa.

Magauni hayakunisumbua. Lililonikosesha raha ni koti la mtumishi wa mezani. Kwapani bitana ilikuwa imetiwa kiraka kwa uzi wa rangi nyingine, kazi ya mtu mwenye haraka. Kifungo cha tatu kilining'inia kwa uzi mmoja. Siku mbili nilizunguka sanamu ile, nikienda na kurudi. Kwetu karakanani, fundi anayeacha kifungo kianguke huulizwa kama ana macho. Siku ya tatu, saa ya chakula, nilikikaza kwa mishono minne.

Kesho yake msindikizaji alisimama mbele ya koti na picha mkononi. Akamwita mhifadhi mkuu, na mhifadhi mkuu akamwita Thandi, kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa kwenye daftari la waliochukua ufunguo wa chumba jana yake.

Mhifadhi mkuu akamuuliza nani aliingia. Thandi akajibu kwamba ni yeye, kuleta masanduku. Akamuuliza kama aligusa koti. Hapana. Akamuuliza tena, polepole, kama ana hakika, maana barua ya malalamiko ingekwenda kwa mkurugenzi. Thandi alikuwa na watoto watatu na kazi moja. Mimi nilikuwa nyuma ya gauni, nimeshika pamba.

"Ni mimi, Ma," nikasema. "Kilikuwa kinaanguka."

Mhifadhi mkuu alikisogelea kifungo. "Kulegea kwake kulikuwa sehemu ya habari ya koti," akasema. "Sasa umetuandikia habari yako juu yake."

Msindikizaji alichungulia kwa kioo cha kukuzia. Kuifumua mishono yangu kungekata uzi wa zamani ulio chini. Akaiacha, akaongeza mstari kwenye ripoti. Mimi nilihamishiwa mlangoni, kuwazuia wageni wasisogelee vitu, na huko nilibaki mpaka maonyesho yalipofungwa.

Jioni ile, tukingoja robot, taa ya barabarani, ituruhusu tuvuke, Thandi alisema, "Eish, bhuti, ndugu yangu. Ungenyamaza, ningekufuata mpaka nyumbani kwako Troyeville nikudai kazi yangu." Kisha akaninunulia chai.

Sasa nimerudi kwenye cherehani. Ninyi mafundi wadogo mtakaoitwa kazi kama ile, mtafundishwa kuizuia mikono, na mtaweza. Mdomo ndio mgumu. Niliufungua, ndiyo, lakini baada ya Thandi kuulizwa maswali matatu. Yeye alinisamehe siku ile ile. Mimi, nikiwa kazini au kitandani, bado najibu lile swali la kwanza, nani aliingia.