Ungo Aliouomba Bibi

Bibi yangu alifariki akiwa ameacha picha moja tu, ile ya kadi ya kupigia kura, ambamo amenuna kama mtu anayegombezwa. Ndiyo maana diski ilipofika kijijini kwetu Kemambo, miezi minane baada ya msiba, babu aliipokea kwa mikono miwili. Wageni kutoka Ulaya, waliowahi kuja kumrekodi bibi akisaga ulezi, walikuwa wametimiza ahadi yao ya kututumia video hiyo.

Deki yetu ikaikataa. Iliandika kwamba diski si ya eneo hili.

"Eneo gani?" babu akauliza. "Si walimrekodi hapo jikoni?"

Nilimweleza nilichosoma: wenye filamu wameigawa dunia kwa namba, Ulaya ni mbili, sisi ni tano, na deki ya tano haisomi diski ya mbili. Nilipomaliza niliona aibu, utadhani sheria hiyo niliitunga mimi. Chuoni nilizoea kuuliza nani ananufaika. Babu aliuliza jambo jingine.

"Sasa nitamsikia lini?"

Sauti ndiyo aliyoitaka. Uso wake, alisema, bado anao; sauti imeanza kumponyoka.

Nikaenda Tarime mjini kwa fundi anayechoma diski. Alicheka sana.

"Msomi mzima umeshindwa na namba?"

Kompyuta yake ilikuwa inaruhusu kubadilisha eneo mara tano tu, basi, na alikuwa amebakiwa na nafasi moja. Akaitumia kwetu. "Nakuchomea isiyo na eneo, itacheza popote. Njoo Jumamosi, kaka, nikutengenezee vizuri."

Mimi ninayehoji hata sala ya chakula, hilo neno "vizuri" sikulihoji.

Jumamosi hiyo jioni babu alioga, akavaa koti la kanisani, akakaa mbele ya televisheni. Bibi akatokea. Alikuwa ameinamia jiwe la kusagia, mabega yakienda na kurudi, kitenge kile cha kijani kiunoni. Akafungua mdomo, ikatoka sauti nzito ya mwanamume:

"Haya sasa watazamaji, mama anasema ulezi huu ni moto wa kuotea mbali!"

Fundi alikuwa ameipeleka kwa mmoja wa wale jamaa wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili, wakiongea juu ya sauti za wahusika. Kwake, diski ya Wazungu bila mtafsiri ni kazi nusu. Alitufanyia wema, na wema huo ukamfunika bibi mdomo.

Niliruka kuizima. "Babu, diski yenyewe ya Wazungu bado ninayo. Jumatatu nitarudi anichomee nyingine, isiyo na huyu mtu."

"Kaa chini."

Nikakaa. Jamaa aliongea, akaongea, akatania hata kuku waliopita. Kisha, kama binadamu yeyote, akavuta pumzi. Katika pengo hilo bibi aligeukia mlangoni, akamwita babu kwa Kikurya alete ungo, kwa ule ukali wake wa kila siku. Sekunde mbili, labda tatu.

Babu akaitika.

Sikuthubutu kumtazama.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Bibi akaita, babu akaitika tena, kwa sauti ya juu zaidi, kama anayejibu kutoka zizini.

"Rudisha."

Mara ya tatu alikuwa ameshasimama, anautafuta ungo kwa macho.